Limbuko la Mashini

Kalemie, 4 Februari 2024

Kwa Yaya wangu Florentine, kule juu Kirungu kwenye baridi,

Tumsifu Yesu Kristo. Kabla ya yote, keti chini. Najua umepokea barua hii kwa Mireille, mubeba barua wetu, ukiwa umesimama barabarani na mufuko wa maharagi kichwani, roho ikidunda. Hakuna aliyekufa. Keti, usome polepole.

Sisi tuko wazima. Muke wangu Blandine anakusalimia, anauza samaki wake wakavu na kugombana na wateja, afya tupu. Ziwa limepanda sana mwaka huu, limekula bustani ya jirani, lakini kwetu halijagusa mulango. Hii barua anaiandika binti yangu Emmanuella. Mimi nasema, yeye anaandika, sababu miwani yangu ilivunjika. Na wewe, Yaya? Tangu tulipomuzika shemeji nakuwaza sana mu ile nyumba, peke yako na upepo.

Sasa neno lenyewe. Depo ya bandarini imefunga. Miaka yote ile kalamu sikioni, na siku moja wametuita, wametupa mukono wa kwaheri na feza ya mwisho, basi. Naona unaanza kulia. Usilie, mimi nimefurahi. Yaya, ninarudi kwenye mbao.

Eeh, umesikia vizuri. Mimi Valère, niliyetoka mu ateliye ya Baba Barnabé bila kugeuka nyuma, ninarudi. Na sirudi kinyonge. Nimeagiza mashini mbili toka Kigoma, moja ya kukata na moja ya kuranda. Si zile za sokoni zinazokufa kabla ya Pasaka. Hizi ni za kazi kabisa, za batri, sababu kuran ya huku, umeme wenyewe, inakuja kama mugeni asiyesema saa. Chadrack aliyeniletea alitikisa kichwa: "Papa Valère, na feza hii si ungenunua pikipiki?" Blandine naye hakunisemesha mupaka Jumapili.

Lakini unajua desturi ya nyumba yetu. Kifaa kipya hakifanyi kazi ya kuuza kabla ya kutoa limbuko, na limbuko ni la mukubwa wa nyumba, na mukubwa njo anasema anataka nini. Baba alipopata randa yake, Kambo, muzazi wa Baba, aliomba sanduku la nguo. Leo mukubwa ni wewe. Mashini ziko mu katoni, sizigusi mupaka utaje. Sema, Yaya. Chochote.

Mudogo wako,
Valère

Shangazi, jambo. Kuhusu miwani, Papa ndiye alisema niandike hivyo. Emma.


Kirungu, 10 Machi 2024

Valère mudogo wangu,

Milele na milele, amina. Barua yako imelala bandarini Moba mupaka karatasi imekuwa laini kama kitenge. Mireille alishikwa na malaria, halafu mvua ikakata barabara ya mulima. Usiseme Yaya amechelewa.

Mimi niko muzima. Maharagi yametoa maua, ukungu hautoki mupaka saa ya kupika. Kanisani siendi sana siku hizi, padri wa sasa anasema kwa sauti ndogo, sisikii kitu. Mbuzi mwekundu amezaa. Unisalimie Blandine, mwambie yule samaki aliyenitumia Noeli alikuwa mutamu, nimemukula na mifupa.

Nimekupigia simu. Nimepanda polepole pale juu ambapo network inapatikana, nimepiga, inalia, inalia, haupokei. Kwa nini haupokei? Miwani imevunjika, sawa. Na masikio pia?

Sasa hizo mashini zako. Nilisoma "ninarudi kwenye mbao," nikainua mikono, nikamushukuru Mungu kwa sauti mupaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Kumbe nilishangilia nusu ya barua tu. Nusu nyingine ni Kigoma, ni batri, ni katoni! Valère, nusu ya milango ya hapa Kirungu imetoka mu mikono ya Baba. Mikono, jasho na randa moja. Randa hiyo nimekutunzia tangu siku tulipomuzika. Kila masika naitoa, naipaka mafuta ya mawese isikauke, nasema siku moja mutoto huyu atachoka na biro, na kazi ya ofisi. Na wewe haukuiuliza hata kwa neno moja. Umeruka juu ya Baba, umeenda kununua vitu vinavyopiga kelele.

Limbuko sitaji. Siwezi kuomba kitu kwa mashini nisiyoijua baba yake. Randa ya Baba inashuka na Mireille safari hii. Itolee hiyo limbuko kwanza, halafu tutaongea habari ya katoni.

Nimekasirika, lakini nimeweka na unga wa ngano na maharagi ya njano, yale unayopenda.

Dada yako,
Florentine


Kalemie, 21 Aprili 2024

Kwa Yaya Florentine,

Amani kwako. Maji yamefika. Tumeinua vitanda juu ya matofali, na Blandine anapikia kwa jirani aliye juu kidogo. Usiogope, ni maji ya magoti ya mutoto. Mashini nimezipandisha juu ya kabati, ziko kavu.

Maharagi yamefika, asante. Randa imefika. Ilinukia mafuta yako.

Kuhusu simu, ilianguka mu maji.

Bado sijafanya kazi na randa. Kuna mambo mengi, na hii maji. Nakuomba tena, Yaya, taja kitu kidogo tu, hata kibao cha kukatia mboga. Majirani wanataka milango, hii maji imeharibu milango ya avenyu nzima, na mimi nakaa naangalia katoni. Usininyime neno.

Valère

Shangazi, simu haikuanguka mu maji. Na randa anaishika, anaiweka chini, anaishika tena. Emma.


Kirungu, 19 Mei 2024

Valère,

Nakusalimia, wewe na wa nyumbani. Pole kwa maji. Sisi tunavuna.

Leo sina maneno mengi, sababu nikisema yote nitatenda zambi. Mireille amerudi. Nilimuuliza, "Ndugu yangu aliipokeaje randa ya Baba?" Akaangalia chini. Nikamubana. Akasema alikukuta umeketi mezani, haukusimama. Alikunyoshea randa kwa mikono miwili, kama nilivyomwagiza. Na wewe uliipokea kwa mukono wa kushoto.

Wa kushoto, Valère! Randa ya Baba! Mutoto wa miaka mitatu akipokea hata ndizi kwa kushoto anapigwa kidole. Muntu anampokea hivyo nani, mwizi? Mireille anasema alitaka kukunyanganya na kurudi nayo kwenye boti. Ningemupa mbuzi kama angefanya.

Kama umemudharau Baba kwa sababu ya feza ya mashini, niambie. Kama ni mimi umenidharau, niambie vilevile. Lakini usiniambie miwani.

Florentine


Kalemie, 16 Juni 2024

Yaya wangu, Mama wangu wa pili,

Emmanuella aliponisomea barua yako alifunga karatasi, akaweka kalamu mezani, akasema hataandika tena uongo wangu hata mumoja. Basi leo ni kweli tupu.

Sikumudharau Baba. Wa kulia ulikuwa chini ya meza, Yaya. Umelala.

Mu mwezi wa kumi na moja, kabla depo haijafunga, tansio, presha ya damu, ilipanda. Nilianguka uwanjani, mbele ya mulango wa biro. Nilipoamka, mukono wa kulia haukuwa wangu tena, na mudomo umepinda. Maneno yalitoka kama ya mulevi. Njo sababu sikupokea simu. Ungesikia "Yaya" yangu ya kwanza tu, ungejua yote. Sasa mudomo umenyooka, karibu. Mukono unaamka kidogo kidogo. Naushika mupira, naubana, kila asubuhi. Unaweza kushikilia kitu. Kusukuma hauwezi.

Kwa nini nilificha? Ulikuwa umezika mume wako mwezi uliotangulia. Ningekutumia na hii tena? Ungeacha mashamba, ungeshuka ule mulima ukilia, na mimi sikutaka unione nikilishwa bukari na kijiko.

Randa ya Baba inataka kusukumwa na nguvu ya bega na mukono. Nimejaribu. Inakwama, mimi ninalia, Blandine anajifanya anatafuta chumvi. Sikuruka juu ya Baba, Yaya. Nilishindwa kumufikia.

Na hizo mashini si majivuno. Kwanza niliazima ile rahisi ya jirani. Inatetemeka kama muntu wa malaria. Mukono wangu uliteleza, na meno yaliendelea kuzunguka hata nilipoiachilia. Yalikula ubao na yakaja mupaka kwenye shati. Shati tu, namushukuru Mungu. Siku ile nilisema, ama ninaachana na mbao, ama ninanunua ile ya kweli, hata ikimaliza feza yote. Ile nzuri haitetemeki. Ukiachilia, ina breki, meno yanasimama palepale. Kazi ya kusukuma inafanya yenyewe, wewe unaiongoza tu. Muntu muzima anaweza kununua ya rahisi akajilinda kwa nguvu zake. Mimi nguvu sina, njo maana nimenunua ya bei kali.

Lakini hata hiyo naiogopa. Mukono wa kulia hauniamini. Nikikosa, feza imekwisha, na mimi nimekwisha, nitakuwa muzee wa kuketi mulangoni kuangalia maji. Nilitaka neno lako linisukume, pale mukono unaposhindwa.

Unisamehe.
Valère

Shangazi, hapa hakuna cha kuongeza. Emma.


Kirungu, 14 Julai 2024

Valère, mutoto wa mama yangu,

Nimelia. Nimemaliza. Nimepika, nimekula, nimelia tena kidogo, sasa ninaandika.

Mupumbavu wewe. Kunificha mimi, niliyekubeba mugongoni mupaka kiuno kikapinda! Ningeshuka, ndiyo. Ningeshuka mulima mbio, ningekulisha bukari na kijiko, na ungekula.

Hapana. Ngoja. Tumesema kweli tupu. Nisingeweza kushuka. Padri anasema kwa sauti kubwa kabisa, nasikia mahubiri mupaka nyumbani. Ni magoti yangu. Nikiketi kwenye mukeka, kuinuka ni kazi ya watu wawili. Wakati mwingine nabaki chini mupaka jirani apite. Sikukuambia sababu nilijua utauza kitu uniletee dawa. Unaona? Mama alizaa waongo wawili.

Sasa sikiliza, nikukumbushe kitu ambacho labda haukumbuki. Wewe ulizaliwa wa kushoto.

Ulikuwa unakula kwa kushoto, unatupa mawe kwa kushoto, unachora na makaa kwenye ukuta wa jiko kwa kushoto. Kambo alisema mutoto huyu atatuletea aibu, nani atapokea salamu yake? Akachukua kipande cha kitenge, akafunga mukono wako wa kushoto kiunoni. Baba alikuwa anaangalia. Alitoka, akaenda ateliye. Ulivaa kile kitenge kiangazi kizima na masika. Kambo akienda shambani nilikuwa nakufungua, unacheza, unachonga vijiti, na mikono yako ilikuwa na akili ya ajabu. Tukisikia kikohozi chake njiani nakufunga tena. Baadaye hukuhitaji kufungwa. Mukono ulikuwa umejifunza kukaa kimya.

Ateliyeni Baba alipokufundisha ulikuwa unakata kombo, unasema "mimi sina mukono wa mbao." Ulikuwa nao. Ulikuwa ule mwingine.

Kambo amelala siku nyingi, Mungu amupumzishe. Mimi njo mukubwa wa nyumba sasa, na mimi ninakufungua. Na Mireille nimemuambia, amelia, anaomba musamaha.

Limbuko nataja. Nataka kiti cha kuegemea, chenye pa kushikia pande zote mbili, kirefu kidogo kuliko vya kawaida, ili niinuke bila kuita muntu. Toa mashini mu katoni. Kifanye na wa kushoto.

Na ukiikata shati nyingine, nitashuka hata kwa kutambaa.

Florentine


Kalemie, 22 Septemba 2024

Yaya,

Huu mwandiko wa kuku ni wangu. Emmanuella ameketi pembeni, nimemukataza kusaidia. Nimeandika kwa kushoto, kwa hiyo salamu ni fupi: tuko wazima, maji yamerudi nyuma, Blandine anasema mudomo wangu umenyooka kuliko zamani, sasa ninamujibu kila neno.

Nilifungua katoni Jumatatu baada ya misa. Nilikuwa naogopa kidude cha kuwashia. Ile mashini ya jirani kidude kiko upande mumoja tu, cha watu wa kulia. Nikaangalia hii yetu. Kiko pande zote mbili, Yaya. Aliyeitengeneza hakuuliza muntu atakuja na mukono gani. Nimeketi nayo mapajani, nimecheka kama mujinga.

Wa kushoto unaongoza, wa kulia unashikilia tu. Siku za kwanza nimeharibu mbao nyingi, za hasara nilizookota kwenye milango ya mafuriko. Halafu mukono ukakumbuka. Sijui ulikuwa wapi miaka hii yote. Kiti ni cha mbao ngumu ya mulombwa, miguu nimeipanua kidogo nyuma, kisianguke ukiegemea kwa hasira. Kinashuka bandarini kesho, na Mireille mwenyewe anakisindikiza.

Kuna kitu kimoja. Mashini ilifanya kazi yote kubwa, lakini pale mikono yako itakaposhika sikutaka mashini ipite mwisho. Nilichukua randa ya Baba. Unajua kile kibonde kwenye mbao yake, mahali kidole chake gumba kilipochimba? Utoto wote kidole changu hakikuingia pale, niliumia, nilidhani ni sababu mimi si Baba. Safari hii niliishika kwa kushoto. Kidole kikaingia chote. Randa ikaenda, si kwa nguvu, kwa kunyoa tu, na maranda yakatoka marefu, yanajikunja.

Yaya, ulijua?

Valère


Kirungu, 20 Oktoba 2024

Valère wangu,

Mimi na Kirungu yote tunakusalimia, maana wamekuja wote kuona kiti. Kimepanda mulima kichwani kwa mubeba mizigo, na Mireille anasema kila kona muntu huyo alikishusha, akakikalia, akakisifu. Nilipokipokea kilikuwa tayari na joto.

Nimeketi. Nimeinuka. Nimeketi tena, nimeinuka tena, mbele ya watu, peke yangu, mupaka wakaanza kupiga makofi. Jumapili wamekipeleka kanisani, nimesikiliza mahubiri kwa karibu. Padri huyu anasema muzuri.

Uliniuliza. Ndiyo, nilijua. Mimi njo nilikuwa ninamupelekea Baba chakula ateliye. Akiwa peke yake alikuwa anaranda kwa kushoto. Akisikia muntu anakuja, anabadilisha. Siku moja hakunisikia. Alisimama na randa mukononi, akaniangalia kama mutoto aliyeiba sukari, akasema, "Florentine, na mimi walinifunga." Akaniomba nisimwambie muntu. Siku zile zile ulikuwa na kitenge kiunoni, na kila nilipokufungua alikuwa anapita jikoni kama haoni. Sikusema mupaka leo, sababu niliahidi. Leo randa imesema yenyewe, si mimi.

Limbuko nimelipokea. Mashini zako zina baraka yangu, na ya Baba. Anza milango ya watu.

Halafu uje. Kiangazi, barabara ikikauka. Nitakuwa nimeketi mulangoni, na nitainuka mwenyewe, utaona. Na unisalimie na ule wa kushoto, mbele ya wote. Mimi nitaupokea kwa yangu yote miwili.

Yaya wako,
Florentine